Barua 47 zilizobaki foleni, na aliyezisahau ni mimi

Ndugu mhariri, salaam. Mi ni msomaji wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, na nisingeandika kama siyo ile barua ya msomaji mwenzetu aliyelalamika kwamba imeili za ofisini kwao hazifiki, zikifika zimechelewa, akamalizia kwa kusema dawa ni moja tu, ng'oa programu ya barua iliyokuja na seva weka nyingine. Nilivyosoma nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akaniangalia, maana mwaka 2024 mi nilifanya hivyohivyo kabisa, programu mpya ikakubali vizuri tu, na bado niliwatia watu hasara. Naomba nafasi kidogo nimwelezee ilivyokuwa kabla hajamtuma fundi wake.

Nafanya kazi za kompyuta kwenye chama cha akiba na mikopo cha walimu hapa Morogoro, jina naliacha. Seva yetu ni kompyuta ya kawaida tu, ipo stoo pembeni ya maboksi ya risiti za zamani, feni yake inalia kama panya kabanwa na mlango, inatumia Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux. Kazi yake ya barua pepe ni ndogo, kila siku saa kumi na mbili asubuhi mfumo wa mikopo unatuma taarifa kwa wanachama, nani mkopo wake umepita, nani anadaiwa, nani aje asaini, na ripoti moja kwa katibu na mhasibu, basi. Ila masanduku yenyewe ya wafanyakazi, la katibu, la mhasibu na wengine, hayapo kwenye hiyo seva, yako kwa kampuni ya nje tunayoilipa kwa mwaka. Hilo la masanduku lishikeni, ntalirudia.

Sasa Debian ukihitaji programu ya kupeleka barua na hujachagua mwenyewe, inakupa Exim. Aliyeianza ni Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1995, na siyo programu mbaya, nasema mapema mashabiki wake wasije wakanitafuta. Shida ilikuwa mimi. Chuoni tulifundishwa Postfix, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ile faili lake kuu ni moja na linasomeka, jina la kitu, alama ya sawasawa, unachotaka, umemaliza. Nikifungua Exim kwa jinsi Debian wanavyoipanga, vifaili vidogovidogo kibao vimetawanyika kwenye mafolda, nilikuwa naona kizunguzungu, kila nikitaka kubadili kitu natetemeka, nakiacha. Hiyo ndo sababu ya kweli. Kwa bosi nilipeleka sababu nyingine, nikamwambia 2019 Exim ilikutwa na tundu kubwa kuanzia toleo la 4.87 mpaka 4.91, mtu yuko mbali huko anaweza kuendesha amri kwenye seva yako kwa mamlaka ya root, yaani mwenye nyumba. Ni kweli lilikuwepo, ila sisi tulikuwa tushaapdeti zamani, halikutuhusu tena. Lakini bosi ukimtajia wadukuzi anasaini haraka, na mi nilitaka saini.

Amri yenyewe ni maneno matatu, apt install postfix. Debian haikubali hizo programu mbili zikae pamoja, ukiweka moja inakuambia itaiondoa nyingine, inakupangia majina kwenye skrini, exim4-base, exim4-config, exim4-daemon-light, halafu inauliza tuendelee au tuache. Nikabonyeza Y hata sijamaliza kusoma. Hapo ndo pa kukumbuka.

Kuna kitu watu wengi wanadhani, kwamba ukibadili programu ya barua basi na kila kitu kinachotuma barua lazima ukibadili. Hapana bana. Mwanzoni mwa miaka ya 80 jamaa anaitwa Eric Allman, pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika Sendmail, kabla yake alishaandika nyingine iliyoitwa delivermail, na hiyo Sendmail ikasambaa kwenye mashine za Unix mpaka programu nyingine zote zikazoea kwamba ukitaka kutuma barua unaliita faili linaloitwa sendmail. Leo Sendmail yenyewe huikuti kwenye seva nyingi ila jina limebaki, Exim wana faili la jina hilo, Postfix nao wanalo, liko palepale /usr/sbin. Ni kama vituo vya daladala, kituo kinaitwa kwa jina la baa iliyobomolewa hata hujazaliwa, konda anaita, watu wanashuka, hakuna anayeuliza baa iko wapi. Mfumo wetu wa mikopo ulikuwa unaita sendmail na uliendelea kuita sendmail, wala haukushtuka kwamba nyuma ya jina kaingia mtu mpya.

Na huyo mtu mpya nampenda, sifichi. Postfix iliandikwa na Wietse Venema, Mholanzi, akiwa IBM Marekani, ikatoka 1998. Sendmail ilikuwa programu moja kubwa imebeba kila kitu kwa mamlaka ya root, akipenya mtu kapata nyumba nzima. Venema akaivunja kazi vipandevipande, kaprogramu kamoja kanapokea, kengine kanapanga foleni, kengine kanapeleka nje, kila kamoja kana mamlaka kidogo tu, mwizi akiingia jikoni hapati ufunguo wa chumbani.

Basi, Postfix ikaniuliza maswali yake, seva yako ni ya aina gani, nikachagua ile ya kutuma kupitia seva ya watu wengine maana poti 25, mlango ambao seva hupitishiana barua, kwa intaneti yetu imefungwa, halafu ikauliza jina la barua la mfumo ni nani. Nikaandika domeni ya chama, lile jina linalokuja baada ya @ kwenye anuani zetu, si ndo jina letu. Nikatuma jaribio kwenda kwenye Gmail yangu, sekunde chache simu ikalia mfukoni. Nikafunga kompyuta nikaenda kunywa chai na chapati mbili, roho nyeupe.

Siku ya tatu katibu akanisimamisha kwenye korido. Katibu wetu ni mwalimu mstaafu, anaongea taratibu kama bado yuko mbele ya ubao.

"Kijana, hizi ripoti za asubuhi mmeacha kutuma?"

"Shikamoo mzee. Hapana, zinatoka kila siku, wanachama wanapata."

"Marahaba. Wanachama wanapata, mimi katibu sipati. Sasa hapo katibu ni nani?"

Nilikimbilia stoo. Kwenye logi, daftari la matukio ya seva, mistari ipo wazi kabisa, kila asubuhi barua ya katibu imerudishwa, ya mhasibu imerudishwa, na sababu imeandikwa unknown user: "mhasibu", yaani mtu huyo hatumjui. Mhasibu tunaye, anakaa mlango wa pili kutoka stoo! Nilitoka jasho kama nusu saa ndo nikaelewa. Fikiria posta, zile za masanduku ukutani. Karani kaambiwa kwamba kila anayetumia anuani hii sanduku lake liko hapahapa kwenye ukuta wako, ikija barua anaangalia ukutani, asipoona sanduku lako anairudisha, hawazi hata kidogo kwamba labda umehamia posta kuu. Mimi nilivyoandika domeni ya chama pale kwenye swali, Postfix ikaiingiza kwenye mstari unaoitwa mydestination, na huo mstari maana yake ndo hiyo, watu wa domeni hii wanaishi kwenye mashine hii. Wakati masanduku yao yako kwa kampuni ya nje. Fundi aliyenitangulia kwenye Exim hakuiweka domeni hiyo ndo maana miaka yote zilitoka, mi nikaja na ujuzi wangu nikaiweka. Kuifuta ni neno moja, unahifadhi, unaiambia Postfix isome upya, dakika haiishi. Kesho yake katibu akapata ripoti yake, akanipungia mkono kutoka mbali, nikajua nimepona.

Kumbe bado.

Mnakumbuka Mei 2024 intaneti ilivyotufanyia. Jumapili tarehe 12 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, Tanzania tuliumia sana, kwetu ofisini Jumatatu mtandao unakuja unakata, Jumanne vilevile. Kazi zimelala, watu wanapiga stori. Jumatano ulivyokaa sawa kidogo ndo nikaona mwanya wa kufanya lile zoezi langu la kubadili programu. Sasa barua za Jumatatu na Jumanne asubuhi zilikuwa wapi? Zilikuwa foleni. Programu ya barua ikishindwa kutuma haitupi, inaweka pembeni inajaribu tena. Exim kwa kawaida inajaribu kila robo saa kwa masaa mawili ya mwanzo, halafu inaanza kuachia nafasi zinazorefuka mpaka yapite masaa 16, baada ya hapo kila masaa sita, ikifika siku ya nne ndo inakata tamaa inamrudishia aliyetuma. Kwa hiyo Jumatano asubuhi mtandao umerudi, jaribio langu limetoka fasta, nikaamini mambo safi, wakati barua za juzi zinasubiri zamu yao ijayo masaa kadhaa mbele. Na kabla zamu haijafika nikamuondoa aliyekuwa anazisubirisha. Postfix ina foleni yake kwenye folda lake, folda la Exim hailigusi, haijui hata kama lipo.

Nilijua baada ya wiki mbili. Alikuja mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, kaomba mkopo wa kumpeleka kijana wake kidato cha tano mwezi wa saba, anauliza maombi yake vipi. Mhasibu anafungua mfumo anamwambia mama mbona ulipita, tarehe 13 ulitumiwa barua uje usaini kabla ya Ijumaa, hukuja tukampa anayefuata. Mama anasema sikupata. Mhasibu anasema mfumo umeandika imetumwa. Mama akatoa simu akaiweka mezani, akasema tafuta.

Nilikuwa nimesimama mlangoni nasikia, na hiyo tarehe 13 ikanigonga. Nikaenda stoo nikafungua /var/spool/exim4/input. Mafaili yamejipanga mawiliwili, kila barua ina la herufi H na la herufi D, H ni bahasha, imetoka kwa nani inaenda kwa nani, D ni maneno yenyewe. Nikafungua la kwanza, Ndugu mwanachama tunapenda kukujulisha kuwa mkopo wako umepitishwa. La pili, hivyohivyo. Nikahesabu, jozi 47. Na pale nilipobonyeza Y nilikuwa na bahati, maana kuondoa kwa kawaida kunaacha hilo folda, ningeamua kufagia kabisa na mipangilio yake Debian ingeniuliza kama na barua ambazo hazijafika nizifute, na kwa haraka niliyokuwa nayo siku ile najijua, ningesema ndiyo.

Huwezi kuzihamisha tu ukaziweka kwa Postfix, maandishi yao hayafanani, kila programu inaandika foleni kwa namna yake. Unaweza kuirudisha Exim kwa muda izitoe, au ukaandika kaskripti ka kuunganisha H na D ukazituma upya. Nikafikiria, barua inayosema uje kabla ya Ijumaa iliyopita inamsaidia nani? Nikaenda kwa mhasibu nikamwambia ukweli, dada yangu hii ni mimi. Akaniangalia, akavuta daftari la wanachama, akalichana katikati kwa macho, huku zako, huku zangu. Tukapiga simu mpaka saa kumi jioni, vocha ilitoka mfukoni kwangu na nilistahili. Wengi zilikuwa ni taarifa za deni tu, walicheka. Tisa zilikuwa za kusaini.

Nilichotakiwa kufanya ni kidogo mpaka naona aibu kukiandika. Kwanza unausimamisha mfumo usitume barua mpya, halafu unaandika mailq, hiyo amri inakuonesha foleni na inakubali kwenye Exim, kwenye Postfix, kwenye Sendmail, zote. Ikionesha kitu unaandika exim4 -qff, maana yake jaribu zote sasa hivi usisubiri zamu hata zile zilizogandishwa. Unasubiri. Mailq ikiwa tupu ndo unang'oa. Wala siyo elimu ya chuo kikuu hiyo.

Tena kwenye kupekua nikakuta jambo lingine ambalo halikuwa kosa langu ila nimelirithi. Mashine ikipata shida inamwandikia root, na kwetu faili la /etc/aliases lilikuwa linasema barua za root mpelekee yule fundi aliyenitangulia, kwenye sanduku lake la palepale kwenye seva. Huyo jamaa kaacha kazi kitambo, anauza vifaa vya sola. Nikafungua sanduku lake, kila usiku saa nane bakapu ilikuwa inaandika barua kwamba diski imejaa imeshindwa kuhifadhi, miezi na miezi, kila usiku barua moja, hakuna msomaji. Postfix nayo inalisoma faili hilohilo, ningebadili programu hata mara kumi zingeendelea kwenda kwa muuza sola.

Sasa nirudi kwa msomaji mwenzangu. Kubadili siyo dhambi, hata wenye mifumo wanabadili. Red Hat kwenye toleo lao la 6, mwaka 2010, waliiacha Sendmail wakaifanya Postfix ndo ya kuja na mfumo. OpenBSD mwaka 2014 wakahamia kwenye OpenSMTPD waliyoitengeneza wenyewe. FreeBSD ndo walikaa na Sendmail muda mrefu, mpaka toleo la 14 mwaka 2023 wakaweka dma, kaprogramu kadogo kalikotoka DragonFly BSD, kenyewe kanatuma tu, hakasikilizi mtandao wala hakapokei barua kutoka nje, kwa hiyo mwenye kupokea barua kwenye FreeBSD lazima aweke kingine, na ukiamua kubadili unabadili faili moja, /etc/mail/mailer.conf, linalosema mtu akiita sendmail aitiwe nani. Ile habari ya kituo cha daladala, wao wameiandika kabisa kwenye faili.

Ila kama barua zako zinaishia kwenye spamu ya watu, programu mara nyingi haihusiki, na hapo ndo sikubaliani naye kabisa. Tangu Februari 2024 Google wanataka kila anayetuma kwenda Gmail awe na SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yake, au DKIM, saini ya kuonesha barua ni yake kweli, na namba ya mtandao (IP) ya seva yake ikiulizwa irudishe jina linaloeleweka, na anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku awe nazo zote mbili pamoja na DMARC, inayosema barua isiyopita vipimo hivyo ifanyweje. Hayo mengi yanaandikwa kwenye rekodi za domeni, siyo kwenye seva, ukiacha DKIM inayotaka na seva itie saini kila barua, nunua programu ya mamilioni kama rekodi hazipo utaenda spamu vilevile. Mauzo mengi ya mifumo mipya kwenye maofisi naona yanapita hapohapo, mtu anauziwa gari jipya wakati tatizo ni leseni.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujalipa, muite fundi wako mkae naye, mwambie aandike mailq wewe ukiangalia, halafu muulize barua za root zinakwenda kwa nani. Akijibu haraka yote mawili mwache abadili anachotaka.

Yule mama mkopo wake ulitoka raundi iliyofuata, mwishoni mwa Juni, kijana akaenda shule akiwa na godoro jipya. Mpaka leo akija ofisini ananiita yule wa posta, na mi naitika.

Wenu,
Fundi wa kompyuta,
Morogoro.